Klipu au koili? Swali nililokosea kuuliza

Dada yangu alikuwa ameinama kufunga viatu, mara akashika kichwa akauliza, "Nani kanipiga?" Hakuna aliyempiga. Muda si mrefu akaanza kutapika, shingo ikakakamaa. Picha ya CT ilionyesha damu imeenea kuzunguka ubongo. Alikuwa na anurizimu, yaani sehemu dhaifu ya ateri iliyotuna kama kipira, nayo ilikuwa imepasuka.

Usiku ule shemeji na mimi tulielezwa njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji: fuvu hufunguliwa, daktari akaifuata ateri hadi kwenye shingo ya kile kipira na kuibana kwa klipu ndogo ya chuma, ambayo hubaki humo. Daktari wa upasuaji wa ubongo Walter Dandy alifanya hivyo mwaka 1937. Ya pili haifungui fuvu. Mrija mwembamba huingizwa kupitia ateri ya kinena au ya mkono, ukaongozwa kwa eksirei hadi kichwani, kisha kipira hujazwa koili, nyuzi laini za platini, ili damu ya ndani igande. Koili hizo zilianza na daktari Guido Guglielmi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mimi nilikuwa tayari nimeshasoma kwenye simu. Nilikutana na ISAT, utafiti wa kulinganisha njia hizo mbili uliotolewa mwaka 2002 wenye wagonjwa 2,143: baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kubaki wategemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na 30.6 kwa upasuaji. Nikang'ang'ania koili. Nani anataka dada yake apasuliwe kichwa?

"Hii ndiyo bora," nikamwambia daktari.

"Bora kwa anurizimu ipi?" akaniuliza.

Sikuwa nimesoma hadi mwisho. Wagonjwa waliochunguzwa kwa ajili ya utafiti ule walikuwa 9,559, na walioingizwa ni wale tu ambao madaktari waliona njia yoyote kati ya hizo mbili ingewafaa. Wengi wa waliobaki nje walionekana kufaa njia moja kuliko nyingine. Dada alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo. Anurizimu yake ilikuwa kwenye ateri ya kati ya ubongo, shingo ya kipira ilikuwa pana, na donge la damu lilikuwa linaukandamiza ubongo. Koili zisingeliondoa donge lile. Angekuwa mzee, au anurizimu ingekuwa nyuma kabisa kwenye ateri ya basila, ningesikia ushauri mwingine.

Kwa hiyo uliza anurizimu iko wapi, shingo yake ikoje, na kwa nini njia nyingine imeachwa. Uliza pia kama timu ina wataalamu wa njia zote mbili na kama wameiangalia picha pamoja, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini usigeuze maswali kuwa kikao cha ukoo. Saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya kuvuja tena.

Jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo ni wiki zilizofuata. Nilidhani klipu ikishakaa, tumemaliza. Siku ya saba dada akaanza kuchanganya maneno. Mishipa ya ubongo ilikuwa imesinyaa, jambo ambalo damu iliyomwagika huweza kulisababisha kuanzia siku ya tatu au ya nne hadi kama wiki mbili, hata matibabu yawe ya njia gani. Ndiyo maana alikuwa akipewa dawa ya nimodipini kila baada ya saa nne, kwa siku 21. Muuguzi aliyagundua mabadiliko yale kabla yetu. Ukikaa na mgonjwa wako, zungumza naye. Usemi wake ukibadilika, ita mtu papo hapo.

Waliozibwa kwa koili wasikwepe picha za marudio, kwa sababu koili huweza kujibana baadaye na kipira kikahitaji kuzibwa tena. Mwenye klipu naye aombe maandishi yanayotaja aina yake. Karatasi ya dada iko kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho, na akiandikiwa kipimo cha MRI, chenye sumaku kali, huitoa kabla hajaulizwa.