Fotoni inahifadhiwaje kwenye mvuke wa rubidi?

Mkuu, umeuliza fotoni (chembe moja ya mwanga) inahifadhiwaje wakati mwanga hautulii hata sekunde. Kifupi, fotoni yenyewe haibaki mle. Kinachobaki ni alama yake kwenye atomu.

Chukua kichupa cha kioo chenye mvuke wa rubidi (aina ya metali), kipashe moto kidogo. Kwa kawaida mvuke huo humeza mwanga wa nanomita 795. Ukiumulika kwa leza ya pili, ile ya kudhibiti, mvuke unaacha kuumeza mwanga huo na fotoni inapita ikijikokota. Ikishakuwa ndani, zima leza hiyo: hali ya fotoni inahamia kwenye spini (sifa ya atomu inayozifanya kama visumaku vidogo) za mabilioni ya atomu kwa pamoja, si atomu moja (hapa wengi huchanganya). Washa tena, inatoka. Timu ya Harvard ilifanya hivyo kwa fotoni mojamoja mwaka 2005.

Faida? Kwenye fiba ya kilomita 100 hufika takriban fotoni 1 kati ya 100, na amplifaya haisaidii kwa kuwa hali ya kwanta, yaani ile taarifa inayobebwa na fotoni, hainakiliki. Inabidi vituo vya kati visubiriane, na kusubiri huko kunahitaji mahali pa kuhifadhi fotoni.

Kinachosumbua ni atomu kuzurura: zikigonga ukuta wa kichupa, alama inafutika. Ndiyo maana huwekwa gesi kama neoni, ziende polepole.