Jibu: Sci-Hub ni wizi kama wizi wa filamu?

Mkuu, umeuliza kama kushusha makala za sayansi Sci-Hub, tovuti inayozitoa bure bila ruhusa ya wachapishaji, ni sawa na kushusha filamu za wizi. Kisheria, naam: mwaka 2017 mahakama ya New York, katika kesi dhidi ya Sci-Hub, iliamuru Elsevier, wachapishaji wa majarida ya sayansi, walipwe fidia ya dola milioni 15. Ila mimi siviweki kapu moja. Wanaotengeneza filamu wanaishi kwa mauzo yake. Mtafiti kwa kawaida halipwi hata senti na jarida, wenzake wanaoihakiki kazi hiyo wanajitolea tu, na mara nyingi fedha za utafiti zilitoka kwenye kodi. Halafu msomaji naye anakamuliwa pesa ili aisome! Hapo mwizi ni nani?

Kabla hujafika huko, jaribu arXiv, hazina ya makala za sayansi mtandaoni, ipo tangu 1991 na ni bure, hasa kwa fizikia na hisabati. Au mwandikie mtafiti barua pepe. Wengi hufurahi kuona kuna mtu anawasoma. Ama programu za kukraki, yaani za kulipia zilizovunjwa kinga ili zitumike bure, hizo sizigusi kabisa, ni rahisi mno kufichiwa virusi humo.

Na ile habari ya "tiba imegunduliwa" uliyoibandika, soma muhtasari wa makala ya utafiti yenyewe kwanza. Mara nyingi aliyepona ni panya wa maabara.