Maswali Yenu kwa Mchungaji Mstaafu: "Baba Kastaafu, Ila Kola Haitoki Shingoni"

SWALI: Bwana Yesu asifiwe Mchungaji. Baba yangu ametumika uchungaji KKKT, kanisa letu la Kilutheri, miaka 34, kastaafu mwaka jana, sa hivi yuko kihambani, shamba letu la nyumbani Machame, na mama. Shida ni kwamba hajastaafu. Jumapili saa 11 alfajiri kashaamka, kola shingoni, anapanda bodaboda mpaka usharika wake wa zamani, na huko watu wanamfuata awabatizie wajukuu, awazikie wazazi, hakatai hata mmoja. Mchungaji aliyepo kanipigia juzi, kwa upole kabisa, dada naomba uongee na mzee. Nyumbani nako sala ya chakula inakwenda mpaka mtori unapoa, af anamwelekeza mama namna ya kupika, mama huyo huyo aliyempikia miaka yote! Namwambiaje bila kumvunjia heshima? – Binti wa Mchungaji, Moshi

JIBU: Amina mwanangu. Hapo kwenye mtori nilicheka sana, af mke wangu akachukua simu akasoma na yeye akasema "mbona huyu ni wewe", kicheko kikaisha.

Ngoja nikwambie inavyokuwa. Miaka 31 simu yangu ililia saa 8 usiku, mara mgonjwa, mara msiba, mara mume na mke wametoleana panga, na kila siku nilikuwa nailalamikia hiyo simu. Nimestaafu, wiki ya kwanza usingizi ukagoma kuja, namsubiri mtu apige. Hakupiga mtu. Siku hizi anayenikumbuka kila asubuhi bila kukosa ni kampuni ya simu, inaniuzia bando. Sasa mtu wa usharika wa zamani anapompigia baba yako, mchungaji njoo utuzikie mama, yeye hasikii kazi hapo, anasikia kwamba bado yupo.

Lakini huyo mchungaji kijana ana haki yake. Kwetu Walutheri kustaafu hakufuti kubarikiwa kuwa mchungaji, baba ni mchungaji mpaka anaingia kaburini, ila usharika una mwenyewe, na mstaafu anahudumu pale mwenye usharika akimwomba au akimruhusu, basi. Baba yako analijua hili vizuri kuliko wewe, kwa hiyo usijaribu kumfundisha. Muombe tu siku moja akusomee Hesabu 8, mstari wa 25 na 26, pale Walawi wakifika miaka 50 wanaacha kazi za hema, wanabaki kuwasaidia ndugu zao ulinzi. Asome mwenyewe, wewe kunywa chai yako.

Mimi kilichonitibu ni benchi. Jumapili ya kwanza niliingia moja kwa moja ofisini kwa mchungaji, miguu ilienda yenyewe, nikamkuta mwenzangu anavaa joho, tukaangaliana, nikasema samahani nikatoka. Nikakaa benchi la tatu karibu na dirisha. Jamani, miaka 31 nimewahubiria watu kuhusu uvumilivu na sijawahi kukaa kwenye lile benchi! Ni jembamba, linauma kiuno, na matangazo ni marefu kuliko mahubiri, yani nilikuwa nayasoma mimi na sikuwahi kujua. Baada ya ibada mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, mkungu wa ndizi mchare ukapanda mpaka elfu 35 na mimi ndio nikabaki nao. Zamani mtu alikuwa akinunua anasema "wa mchungaji", safari hii wote walikuwa wananiangalia mfukoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie mchungaji aje mwenyewe kumsalimia mzee, asikutume wewe, na aje na ombi: amsaidie kufundisha watoto wa kipaimara, au kupeleka chakula cha Bwana kwa wagonjwa wasiotoka nyumbani. Mtu aliyeombwa haibi kazi. Na wale wanaopiga simu, baba awe na swali moja tu la kuwauliza, "mmeshaongea na mchungaji wenu?" Msibani aende, akae na wafiwa, akipewa nafasi ya kuomba aombe. Na jikoni kwa mama atoke, apewe ng'ombe na kahawa vya kwake, majani ya ng'ombe hayataki maelezo marefu.

SWALI: Mimi ni mchungaji, nina miaka 52, tangu nibarikiwe naishi nyumba za usharika. Nianze wapi kujiandaa? – Mtumishi, Arusha

JIBU: Mdogo wangu umechelewa, anza leo. Nyumba ya usharika inakudanganya, unapanda maua mlangoni unasahau sio yako. Siku tunatoka tulikuwa na makochi, maboksi 14 ya vitabu na kuku 6, hatuna hata banda. Jenga vyumba viwili sasa, hata kama bati litakuja baadae. Na kama unakatwa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nenda kaangalie michango yako wewe mwenyewe. Pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180, yani miaka 15, na mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri hatakiwi kukukata wewe zaidi ya nusu. Mimi nilikuta miezi kadhaa haijapelekwa, nikafuatilia karibu mwaka mzima, ningesubiri mpaka siku ya kuagwa ningelia mbele ya kwaya. Na mama mchungaji mshirikishe, maana keki ya kuagwa mtakula wote na kesho yake yeye ndio anauliza unga uko wapi.

SWALI: Akishastaafu tumwite mchungaji, mzee, au babu? – Mwanakwaya, Dodoma

JIBU: Mimi nimezoea yote. Ila ukinikuta kihambani Jumatatu asubuhi na gamubuti, usinisimamishe kwa shikamoo mchungaji, shika panga kule mwisho kuna migomba imeanguka.