Nilimwahidi Mtoto Siri, Sasa Nimekwama

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya ustawi wa jamii, na kwa sasa nipo kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya halmashauri moja. Juzi mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 12, akilalamika kwamba ameacha kwenda shule na amekuwa mtukutu. Nilipobaki na mtoto aliniuliza kama naweza kutunza siri, nikamjibu kwamba naweza. Ndipo akanieleza kuwa baba yake wa kambo humpiga kwa mkanda kila anaporudi kutoka kilabuni, akanionyesha na alama mgongoni. Chuoni tulifundishwa kuwa siri ya mteja haitolewi. Nilipomdokeza msimamizi wangu kwamba ningependa kutumia nadharia ya mifumo, yaani kumtazama mteja pamoja na familia, shule na mazingira yake, katika shauri hili, alicheka, akasema nadharia ni za mtihani na hapa kazi ni majalada. Nifanye nini?
Mwanafunzi, Singida

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nilikujibu kwa simu siku ile ile iliponifikia, kwa sababu mtoto anayepigwa hawezi kungoja gazeti litoke. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya wenzako ambao kesho watakaa kwenye kiti hicho hicho.

Hukukosea kumsikiliza, ulikosea kuahidi kabla hujajua unaahidi nini. Felix Biestek, padre wa Kijesuiti wa Marekani ambaye mwaka 1957 alieleza misingi 7 ya uhusiano kati ya mhudumu na mteja, aliiweka siri miongoni mwa misingi hiyo, lakini yeye mwenyewe alisema kwamba haki ya mteja ya kutunziwa siri ina mipaka. Wanafunzi wengi huukariri msingi wakauacha mpaka wake. Kwetu Tanzania mpaka huo umeandikwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: kifungu cha 4 kinataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Ikiwa jirani anayeuza maandazi ana wajibu huo, wewe uliyeketi ofisini huwezi kuukwepa kwa kisingizio cha siri.

Hata hivyo, kutoa taarifa kimyakimya na kumwacha mtoto agundue mwenyewe kwamba umemsaliti ni kosa la pili, na mara nyingi ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa mtoto huyo hatamwambia mtu mzima mwingine jambo lolote kwa miaka. Kwa hiyo unarudi kwake kwanza, unakaa upande mmoja naye badala ya kumkabili ng'ambo ya meza, na unasema maneno mepesi: «Mdogo wangu, nilikuahidi jambo ambalo sikuwa na uwezo wa kulitimiza, naomba unisamehe. Haya uliyonieleza lazima wayajue watu wanaoweza kumzuia anayekuumiza. Nitakutajia ni akina nani, na nitakuambia kabla sijawaambia wao.» Kisha unanyamaza. Kunyamaza huku ni stadi, ingawa hakuna mtihani unaoipima. Wageni wa kazi hii huogopa ukimya na kuujaza kwa nasaha, na hapo ndipo mtoto hujifunga. Usimuulize «kwa nini hukusema mapema», kwa maana swali la namna hiyo masikioni mwake ni lawama. Baadaye andika kwenye jalada maneno aliyoyatamka yeye, pamoja na mahali alama zilipo mwilini na ukubwa wake, na tafsiri yako iweke kando, chini ya kichwa kingine. Siku shauri likifika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au mahakamani, tofauti hiyo itakuwa na uzito.

Sasa nimgeukie msimamizi wako, ambaye simlaumu sana, kwani ofisi nyingi za ustawi zina afisa mmoja na majalada yasiyohesabika. Lakini naye anatumia nadharia kila siku, ila hajaipa jina. Neno «mtukutu» alilokuja nalo mama ni nadharia, tena mbaya: linasema tatizo lote limo ndani ya mtoto, kwa hiyo dawa ni kumrekebisha mtoto. Ukilipokea bila kulihoji utaandika kwenye jalada «utoro», utamwonya, na utamrudisha kwenye mkanda. Mtazamo wa mifumo unakulazimisha kuuliza mengine: nani analala nyumba ile, nani analeta unga, mwalimu wa darasa aliona nini, na utoro ulianza kabla au baada ya baba wa kambo kuhamia. Chukua karatasi, mchore mtoto katikati, mzungushie nyumba, shule, bibi, kilabu na msikiti au kanisa, kisha unganisha kwa mistari: mzito pale penye uhusiano imara, wa nukta nukta pale ulipolegea, wa meno ya msumeno pale penye ugomvi. Mchoro huu uliobuniwa na Mmarekani Ann Hartman katika miaka ya 1970 unatumia dakika kumi, na mara nyingi hukuonyesha mtu ambaye hakuna aliyemtaja, kama vile mjomba fundi baiskeli ambaye kijana hushinda kwake saa za masomo. Mjomba wa namna hiyo, ukimkuta, huenda kwake ndipo pa kumlaza mtoto usiku wa leo.

Kuna jambo moja nitalisema kwa ukali. Ofisi zetu zimezoea suluhu, na katika migogoro ya ndoa na matunzo suluhu ina heshima yake. Katika shauri hili usithubutu kuwaita mama, baba wa kambo na mtoto wakae chumba kimoja «wayamalize». Mtoto atanyamaza, mwanamume ataapa, wote watashikana mikono, na jioni mkanda utashuka kwa hasira mpya. Usalama hutangulia, mazungumzo hufuata. Mama naye umwone peke yake, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba na yeye anapigwa.

Usalama ukishapatikana, kwa mama ningetumia mtindo wa William Reid na Laura Epstein wa mwaka 1972, ambao humwacha mteja achague kazi chache ndogo za kutimiza katika muda mfupi uliokubaliwa. Ashone sare, aende kumwona mwalimu mkuu Jumatatu, azungumze na kaka yake. Azichague yeye. Mtoto pia aulizwe anataka kuishi wapi, kwani kifungu cha 11 cha sheria ile ile kinampa haki ya kutoa maoni.

SWALI: Mzee mmoja niliyemshughulikia msamaha wa gharama za matibabu aliniletea kuku. Kumkataa kuku huyo ni dharau, kumpokea naogopa. Wewe ungefanyaje?
Afisa ustawi, Mtwara

JIBU: Kama mzee angemleta kuku kabla hujaandika barua ya msamaha, ningemrudisha mzee na kuku wake mlangoni kwa maneno ya upole, kwani kuku huyo angekuwa bei, na anayefuata kwenye foleni angejua hana budi kuja na wake. Baada ya kazi ni suala jingine, ingawa hata hapo mweleze mkuu wako siku hiyo hiyo na uliandike jambo hilo. Mimi niliwahi kuletewa mafenesi mawili na bibi mmoja. Niliazima kisu jikoni, nikayapasua pale barazani, tukala na bibi pamoja na wote waliokuwa wakingoja zamu. Kuku ana usumbufu zaidi.