"Run" si kukimbia peke yake

Mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya serikali hapa Mwanza amesoma masomo karibu yote kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, jiografia na biolojia zinamjia kwa Kiingereza, naye anaanza kujaza daftari la msamiati: neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia, moja kwa moja. Nafundisha Kiingereza jioni huku Kirumba, na madaftari hayo nayaona kila mara, ya wanafunzi na ya watu wazima wanaotoka kazini Mwaloni. Mstari mmoja haukosekani: run, kukimbia.

Mstari huo ni wa kweli, ila haumfikishi mtu mbali. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", likiwa na 430. Wahariri walipolipitia upya neno "run" kwa ajili ya toleo la tatu, kitenzi hicho kikapatikana na maana 645. Hakuna Mwingereza aliyezikariri, na wewe usijaribu.

Anza na kiini chake, yaani mwendo usiokatika. Kitabu cha jiografia kikisema mto Simiyu "runs into Lake Victoria", maana yake unamwaga maji ziwani. Kivuko cha Ukerewe kiki-"run" kila siku, kinafanya safari kila siku. Injini ya mtumbwi iki-"run", imewaka na inafanya kazi, hata kama mtumbwi wenyewe umefungwa gatini. Mama anaye-"run" duka la dagaa analiendesha. Pua iki-"run", kamasi zinatoka. Ukikishika kiini hicho, maana nyingi utazibaini bila kufungua kamusi.

Lakini kiini hakitoshi, na hapa ndipo nawaomba mtulie. Litazame neno dogo linalofuata, kwa sababu ndilo linalogeuza kila kitu. Baharia akiandika "we have run out of fuel", mafuta yamekwisha. Akiandika "we are running low", bado yapo ila yanakaribia kwisha. Tofauti ya hizo mbili, mkiwa katikati ya ziwa, si ya mtihani tena! Kisha tazama na kinachotajwa mbele: "I ran into my uncle" ni kukutana na mjomba bila kutarajia, "the car ran into a tree" ni gari kugonga mti. Na chombo kiki-"run aground", kimekwama kwenye mchanga au mwamba.

Wanafunzi wangu wengi wamekulia Magu, Kwimba au Misungwi, wakaanza na Kisukuma ndipo wakajifunza Kiswahili. Huwa nawauliza ni nani aliyewafundisha kupiga pasi, kupiga hodi, kupiga kura, kupiga chafya na kupiga mbizi. Hakuna aliyekaa chini akawaorodheshea maana za kupiga. Walilisikia neno likiwa na wenzake, wakalichukua pamoja na wenzake. Njia hiyohiyo inafaa kwa Kiingereza, na naiamini kuliko orodha yoyote.

Kwa hiyo, kwenye daftari andika sentensi nzima, tena ya kazi yako: muuza mafuta aandike ya mafuta, muuguzi aandike ya homa na kamasi. Ukitafuta neno kwenye simu, usiridhike na jibu la kwanza, shuka hadi kwenye mifano. Angalia pia mwandishi ni wa wapi. Mmarekani anayegombea uongozi "runs for office", wakati Mwingereza anayegombea ubunge kwa kawaida husemwa "stands for Parliament". Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na wote wawili wanaomba kura. Ziandike zote mbili, kila moja na nchi yake.