Nani Huyo Anaingia Usiku Kwenye Tovuti ya Masomo?

Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu chuoni na ndo nimekabidhiwa tovuti yetu ya masomo ya mtandaoni niisimamie. Wanafunzi tuliowasajili hawafiki 400 lakini takwimu zinaniambia mwezi uliopita tumepata watembeleaji zaidi ya 6,000, wengine saa nane usiku. Mkuu wa idara amefurahi, anataka namba hiyo iingie kwenye ripoti, mwenzake anasema hao ni wezi wa noti tufunge kila kitu kwa pasiwedi. Ni kina nani hawa na wanatafuta nini? – Mwalimu wa Zamu

Nzuri mwalimu, pole na majukumu. Kwanza hiyo 6,000 msiiandike kama idadi ya watu, nakuomba sana. Programu za takwimu kwa kawaida zinahesabu brauza, kwa hiyo mwanafunzi mmoja akifungua asubuhi kwa simu, mchana kwa kompyuta ya maabara, jioni akafuta kumbukumbu za brauza yake akarudi, keshakuwa watembeleaji watatu. Na ukisema uhesabu kwa namba ya IP, ile anwani ambayo kifaa kinatumia kwenye intaneti, ndo unapotea kabisa, manake kampuni za simu huwa zinapitisha wateja wengi kwenye namba moja, darasa zima linaweza kuonekana kama mtu mmoja.

Alafu kuna roboti, yaani programu zinazotembelea tovuti zenyewe bila mtu. Googlebot ya Google na Bingbot ya Bing zinazokusanya kurasa za kutafutia, na tangu 2023 ipo GPTBot ya OpenAI inayokusanya maandishi ya kufundishia akili mnemba, zote zinapita ukurasa kwa ukurasa na hazijui usiku wala mchana, baadhi ya hao wa saa nane usiku huenda ndo hizo. Faili la robots.txt, utaratibu ulioanza 1994, linaziomba tu zisipite sehemu flani, yenye adabu inatii na isiyo na adabu inapita, kwa hiyo usiliite kufuli. Zile zinazojaribu kulogini mara mia kwa jina la "admin" ndo za kuzibia njia kweli.

Ukishazitoa hizo wanabaki watu, na hapa ndo pa kukaa tuongee. Mwanafunzi haji kwenye tovuti kukaa, anakuja kuchukua. Anachek asaimenti inakusanywa lini, anapakua noti za PDF, anaangalia kama maksi zimetoka, dakika mbili kaondoka, anaenda kusoma huko pembeni bila kuunguza bando, alafu kwenye ripoti anaonekana mvivu kuliko yule aliyeacha ukurasa wazi akalala.

Niliwahi kukaa na msimamizi wa tovuti ya chuo kimoja tukawa tunapitia kumbukumbu za Moodle, programu ya kuendeshea masomo ya mtandaoni, mstari kwa mstari. Mwanafunzi mmoja saa tano na dakika 52 usiku kafungua fomu ya kuwasilisha kazi, kafungua tena, na tena, mara saba ndani ya dakika nne, basi, akapotea, na saa sita kamili fomu ikafungwa. Mwalimu wake alishaandika kwamba kijana hakufanya kazi. Tulipofuatilia tukakuta kazi ilikuwa ya kuandika kwa mkono, kijana kaipiga picha, na seva ilikuwa imeachwa kwenye kipimo ambacho PHP, lugha ya kompyuta inayoendesha Moodle, inakuja nacho, MB 2 kwa faili moja, picha ya simu janja inazidi hapo bila shida. Kazi alikuwa nayo mkononi tangu jioni! Ndo maana mimi nikiona msongamano karibu na saa ya mwisho siwazi kwamba wanafunzi wameamka, nawaza wangapi wako nje wanahangaika na faili. Nawe hebu kachek kipimo chako leo leo, na kwenye maelekezo ya asaimenti waandikie mwisho ni MB ngapi na picha waipunguze vipi.

Wageni wasio na akaunti sasa. Wengi ni watu wanaofikiria kujiunga, wanatafuta sifa za kuingia, ada, tarehe za maombi, na wanataka kuona somo lenyewe linafananaje kabla hawajatoa hela. Kuna mzazi anayetaka kujua mtihani lini. Kuna mhitimu anayehangaikia nakala ya matokeo na hajui aende ofisi gani, kuna mwalimu wa chuo kingine anayeangalia mmeipangaje kozi, na kuna mtu aliyeandika swali kwenye Google likamleta moja kwa moja kwenye noti zenu za wiki ya tatu. Mkifunga kila kitu, hawa wote watakutana na kisanduku cha pasiwedi ambayo hawana na watarudi walikotoka. Mimi ningefunga majina, maksi, mijadala ya darasa na kazi za wanafunzi, hivyo havina mjadala, ila maelezo ya kozi na somo la kwanza la kila kozi ningeviacha wazi. Na sababu ya kuja usiikisie, weka swali moja tu kwenye ukurasa wa mbele, "umekuja kutafuta nini leo?", na soma watu wanaandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia, ukikuta neno "ada" linajirudia basi ujue ada mmeificha.

Mimi sijasajiliwa chuo chochote, kila usiku nikitoka kazini nasoma noti za takwimu za chuo kimoja, nilizipata kwa Google tu na hazina pasiwedi. Nafsi inanisuta kama naiba. – Msomaji wa Usiku

Huibi ndugu yangu, kusoma kilichoachwa wazi na wenyewe sio wizi. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kinaweka vifaa vya masomo yake mtandaoni bure, na mpaka leo unasoma bila kujisajili, watu kama wewe ni sehemu kubwa ya wanaoingia huko. Cha kuangalia ni leseni, shuka chini ya ukurasa uone kama kuna alama ya Creative Commons, leseni ambayo mwenye kazi anawaruhusu wengine waitumie kwa masharti, na inaruhusu nini. Kama hakuna leseni yoyote soma tu, usizichapishe upya wala kuziuza. Na waandikie wanaozitunza mstari mmoja kwamba zinakufaa, kwenye takwimu zao wewe ni mgeni asiye na jina, hawajui kama upo.

Shikamoo dada. Eti mwalimu anaona nimefungua noti mara ngapi? Natumia simu ya kaka yangu. – Mwanafunzi

Marahaba mdogo wangu. Ndio anaona, kwenye Moodle ukishalogini kila ukurasa unaofungua unaandikwa na jina lako, saa, na namba ya IP. Haoni kama umesoma. Kile kisanduku cha walio mtandaoni nacho, kama hakijabadilishwa, kinaonyesha aliyegusa kitu ndani ya dakika 5 zilizopita, kwa hiyo usiogope kwamba jina lako limetoweka wakati bado unasoma. Simu kuwa ya kaka sio tatizo, mfumo unafuata akaunti, ila ukimaliza bonyeza kutoka na usiruhusu brauza itunze pasiwedi, manake yeyote atakayeishika hiyo simu akajibu kwizi, majibu yatasomeka ni yako.