Maswali na majibu: Siku za mochari ndizo zinazotufilisi

Baba yetu amefariki Nairobi, na nyumbani ni Busia. Wazee wa ukoo wanasema tumsubiri ndugu yetu aliye Doha, na hatapata ruhusa kazini kabla ya wiki mbili. Tupunguze gharama wapi? (Msomaji, Kayole)

Poleni sana. Punguzeni siku. Mzikeni Jumamosi hii.

Watu wakisikia gharama ya mazishi hufikiria jeneza. Jeneza hununuliwa mara moja. Mochari inatoza kila siku, na wakati huohuo kule nyumbani kila jioni kuna mkutano wa kamati, na mkutano hauendi bila chai, mkate na sukari. Waliotoka mbali wanalala, wanakula. Hema na viti vya kukodi vinahesabiwa kwa siku. Tulipofiwa na baba yangu tulikaa siku kumi na tatu tukimngojea mtu mmoja. Baadaye nilipofungua daftari niliona chakula cha zile jioni kilikuwa kimemeza pesa kuliko jeneza, gari na kaburi kwa pamoja. Tuliyemngojea alifika usiku wa kuamkia mazishi, akaondoka kesho yake. Mama alibaki na deni dukani hadi mwaka uliofuata.

Mkuu wa majeshi yetu, Jenerali Francis Ogolla, alifariki kwenye ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Tarehe 21 alikuwa amezikwa kwao Siaya, bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza. Raila Odinga alifia India tarehe 15 Oktoba 2025. Mwili ukavuka bahari, watu wakauaga Nairobi na Kisumu, na tarehe 19 akazikwa Bondo. Waulizeni wazee wenu ukoo wenu una shughuli gani inayozidi hiyo.

Ndugu wa Doha afuate mazishi kwa simu, kisha aje mwezi ujao akae na mama yenu wiki nzima. Wakati huo watu wameshatawanyika, na ndipo mjane anapohitaji mtu.

Safari ya Busia tafuteni gari moja litakalobeba jeneza na jamaa pamoja. Msafara wa magari manne ni mafuta ya magari manne. Na msitoke Nairobi bila kibali cha kuzika: polisi njiani watakitaka, na bila hicho mtasumbuka baadaye mkitafuta cheti cha kifo.

Fundi wa mtaani anaweza kututengenezea jeneza? (Msomaji, Thika)

Anaweza. Msinunue lililo langoni pa mochari kabla hamjauliza bei kwa mafundi wawili.

Hospitali imezuia maiti kwa sababu ya bili. Tusaidie. (Wasomaji watano wiki hii pekee)

Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado mnaandika mstari mmoja. Hamsemi hospitali ni ya serikali au ya kibinafsi, deni ni kiasi gani, wala kama marehemu alikuwa na bima. Nitajibuje?

Nitarudia yale ya msingi. Mwaka 1998 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba maiti si mali, na kwa hiyo haiwezi kushikwa kama rehani ya deni la matibabu. Deni lenyewe halifutiki. Hospitali inaweza kulidai kama wadai wengine wanavyodai. Kwa hiyo andikeni barua ya kukiri deni na mpango wa kulilipa, mkaipeleke kwa msimamizi wa hospitali, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kama ni hospitali ya umma, anzeni ofisi ya ustawi wa jamii mkaombe msamaha wa bili. Wakikataa kabisa, mwoneni wakili. Mkikaa nyumbani mkipitisha bakuli la harambee wiki tatu, bili ya mochari nayo inapanda.

Na kama marehemu alikuwa akichangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ulizeni msaada wa mazishi, ambao kwa sheria ya 2013 ni shilingi 10,000. Hazitamaliza kazi, lakini ni haki yenu na wengi mnaziacha.

Mama, tulimzika shangazi bila kupika pilau. Sasa majirani wanatusema kwamba tulimtupa. (Msomaji, Mtwapa)

Hamkumtupa.

Mimi si Mwislamu, lakini nimeishi Kisauni miaka ishirini na nimewaona majirani zangu wanavyozika. Mtu akifa usiku, mchana ameshazikwa. Anaoshwa na watu wake, anavishwa sanda, anabebwa kwa jeneza la msikiti, na jeneza linarudi msikitini kumsubiri mwingine. Tajiri na mchuuzi wamelala ndani ya jeneza hilohilo. Na kuhusu chakula, wao wenyewe hunikumbusha kwamba Jaafar bin Abi Talib alipouawa, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Jirani ndiye apikaye. Sisi tumeligeuza: mfiwa anachinja ng'ombe, jirani anakuja na sahani. Hata huku pwani hitima nyingine siku hizi zimekuwa karamu, na hilo nalo halinipendezi.

Hao wanaowasema, je, walileta hata kibaba cha unga?

Nichukue mkopo wa simu nimalizie bajeti ya mazishi? (Msomaji, Nakuru)

Usichukue. Punguza bajeti. Anza kwa kufuta fulana zenye picha ya marehemu.

Nina miaka 68, ni Mkatoliki. Nataka nichomwe nisiwagharimu watoto. Kanisa litanikubalia? (Msomaji, Nyeri)

Litakukubalia. Kanisa Katoliki liliruhusu jambo hilo mwaka 1963. Mwaka 2016 Vatican ilikumbusha kwamba majivu yasitawanywe wala yasiwekwe nyumbani, bali yahifadhiwe mahali patakatifu, kwa mfano makaburini. Wenzetu Waanglikana wanamkumbuka Askofu Mkuu Manasses Kuria, aliyechomwa mwaka 2005. Wangari Maathai naye hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake: mwaka 2011 alilazwa ndani ya jeneza la magugu-maji, mafunjo na mianzi, akachomwa kwenye tanuri la Kariokor, Nairobi.

Lakini ukoo ndio utakaokusumbua, mama. S.M. Otieno, wakili wa Nairobi, alifariki Desemba 1986, akazikwa Mei 1987. Kwa zaidi ya miezi mitano mwili ulikaa huku mjane na ukoo wakivutana kortini kuhusu pa kumzika, na mjane alipokuwa akisema kwamba mumewe alitaka kuzikwa kwingine, mahakama haikumfuata. Kwa hiyo usimnong'oneze mtoto mmoja. Waite wote, na shemeji zako wawepo, uwaambie kwa kinywa chako. Kisha uandike, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, nakala moja umpe mwanao mkubwa na nyingine paroko wako.